Krismasi ya Ughaibuni Ipimwe kwa Waliofika

Kwa Mhariri,

Desemba inapokaribia, ukurasa wa barua wa gazeti lako hujaa malalamiko kuhusu nauli za kwenda mashambani, bei ya unga wa ngano na mabasi yanayopakia abiria kupita kiasi. Ni malalamiko ya haki, na nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Kakamega nilikuwa miongoni mwa walalamikaji. Sasa ninafanya kazi ya ulinzi mjini Dubai, nami naomba nafasi niseme jambo kuhusu Krismasi yetu sisi tulio huku, kwa kuwa naona inazungumzwa kwa namna mbili ambazo zote zina kasoro. Wapo nyumbani wanaodhani kwamba katika nchi za Ghuba Mkristo husherehekea kwa kujificha, kama husherehekea kabisa. Wapo na wenzetu huku wanaodhani kwamba Krismasi ni ukumbi wa hoteli, tiketi ya mlangoni na picha za kutuma nyumbani. Maoni yangu ni kwamba matayarisho ya Krismasi ughaibuni, yawe ya chumbani tunamolala au ya kanisani, yanapaswa kupimwa kwa kuuliza ni nani aliyeweza kufika. Mapambo, sare na vyakula vifuate nyuma ya swali hilo.

Dhana ya kwanza ni rahisi kuiondoa. Katika Falme za Kiarabu makanisa yapo, tena si ya jana. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria lililoko Oud Metha, Dubai, lilianza mwaka 1967 kwenye ardhi iliyotolewa na mtawala wa wakati huo, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, na jirani yake wako Waanglikana wa Holy Trinity. Kule Jebel Ali kuna eneo zima la nyumba za ibada, ambako Wakatoliki wana Kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na majirani zao ni Waorthodoksi, Waprotestanti, Masingasinga na Wahindu. Februari 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa hadharani katika uwanja wa michezo wa Zayed mjini Abu Dhabi. Katika majumba ya maduka, miti mirefu ya Krismasi husimamishwa mapema na kupambwa kwa taa nyingi kuliko nilivyowahi kuona Nairobi. Kisichoruhusiwa ni kuhubiri barabarani au kufanya ibada ya hadhara mahali pasipo na kibali, na Mkenya aliyezoea wahubiri wa stendi za matatu na vipaza sauti vya mikesha ya mtaani huchukua muda kulizoea hilo. (Mimi nililizoea upesi sana, na sitaongeza neno.)

Shida yetu ni saa. Tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi katika nchi hii. Sikukuu ya kitaifa ya Desemba ni tarehe 2 na 3, wakati wa kuadhimisha Muungano wa Falme hizi. Tangu Januari 2022 mapumziko ya mwisho wa wiki ya ofisi za serikali yamehamia Jumamosi na Jumapili, ilhali awali yalikuwa Ijumaa na Jumamosi, na ndiyo maana Wakristo wa huku walizoea kusali Misa ya Dominika, yaani ya Jumapili, siku ya Ijumaa bila kuona ajabu. Mwaka huohuo wa 2022, tarehe 25 Desemba iliangukia Jumapili, wenye kazi za ofisini wakapata Krismasi kamili pasipo kumwomba mtu ruhusa. Lakini mlinzi, mhudumu wa hoteli, mwendesha pikipiki anayepeleka chakula majumbani, muuguzi na mfanyakazi wa nyumbani hawana mwisho wa wiki unaofuata kalenda. Kwa mhudumu wa hoteli hasa, wiki ya Krismasi ndiyo wiki ya kazi nyingi kuliko zote za mwaka, kwani watalii wa Ulaya huja kulikimbia baridi la kwao.

Kwa sababu hiyo, tayarisho la kwanza la Krismasi huku ni ratiba ya zamu. Ratiba za Desemba hupangwa Novemba, na msimamizi akishazitia sahihi hazibadilishwi kwa sababu ya machozi ya mtu. Sisi walinzi wa saa 12, kuanzia saa moja hadi saa moja, tumejenga desturi ambayo haijaandikwa popote: Mkristo husimama zamu ya mwenzake Mwislamu siku ya Idi-ul-Fitri na ya Idi-ul-Adha, naye Mwislamu husimama zamu ya Mkristo mkesha wa Krismasi au siku yenyewe. Wenzetu Wahindu kutoka Nepal huingia katika hesabu hiyo wakati wa Dashain, sikukuu yao kubwa, mnamo Septemba au Oktoba. Deni hili la siku hulipwa kwa uaminifu mkubwa kuliko deni la fedha. Nimemwona mlinzi kutoka Peshawar, Pakistan, aliyekuwa na homa, akikataa kubadilishwa mahali pake mkesha wa Krismasi kwa sababu alikwisha kula Idi yake kwa jasho la Mluhya. Hata hivyo, desturi hii humfaa yule tu anayeijua mapema. Kijana aliyefika Oktoba hana siku ya Idi ya kubadilishana na mtu, na kazi ya kwanza ya kamati yoyote ya Krismasi, ikiwa inastahili jina hilo, ni kumtafuta kijana huyo, na mmoja wao amwazime siku yake.

Kanisani hali ni hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Parokia za Dubai ni miongoni mwa zile zenye waumini wengi sana duniani, na Misa husomwa kwa Kiingereza, Kimalayalam, Kitagalogi, Kikonkani, Kitamil, Kiarabu, Kifaransa na lugha nyingine kadha. Mkesha wa Noeli watu hufika kwa maelfu, Misa zikaadhimishwa uani chini ya anga, huku polisi wakiongoza magari nje kwa upole unaoshangaza. Katika msongamano huo, jumuiya ndogo kama yetu ikisubiri hadi Desemba ndipo ianze kuomba nafasi ya kusali kwa Kiswahili, itaambiwa kwa adabu kwamba saa zote zimekwisha gawanywa. Barua ya kuomba saa huandikwa Septemba, hupelekwa kwa paroko ikiwa na majina ya wasomaji, waimbaji na atakayeongoza utaratibu, na huambatanishwa na matini ya nyimbo na sala za waamini ili padre ajue kinachosemwa. Pasipokuwa na padre anayejua Kiswahili, Misa huadhimishwa kwa Kiingereza, masomo na nyimbo zikawa kwa Kiswahili. Wapo wanaonung'unika kwamba hiyo ni nusu Misa. Mimi nasema Misa ni Misa, na mtu aliyekaa miezi bila kusikia "Neno la Bwana" likisomwa kwa lugha yake hanung'uniki.

Kuchagua saa yenyewe ndiko kunakodhihirisha kama tumewafikiria watu au la. Misa ya usiku wa manane ni nzuri, na moyo wangu huipenda, lakini treni ya metro husimama saa sita usiku katika siku nyingi za wiki, na anayeishi katika kambi za wafanyakazi kule Al Quoz au Sonapur hana gari. Akitoka Misa saa saba na nusu atalipa teksi kwa fedha ambazo mtoto wake nyumbani angenunuliwa viatu. Kwa hiyo nimekuwa nikishauri tuombe Misa ya mkesha ya saa tatu usiku, ambayo aliyetoka zamu ya mchana saa moja anaweza kuifikia baada ya kuoga, na ambayo huisha metro ikiwa bado inatembea. Misa ya mkesha hutosheleza wajibu wa sikukuu kwa mujibu wa kanuni za Kanisa, kwa hiyo asijitokeze mtu kusema tumeipunguza Noeli. Wale wa zamu ya usiku hubaki na njia yao: wanatoka kazini saa moja asubuhi, hukutana kwenye kituo kimoja, wakaenda pamoja kwenye Misa ya Kiingereza ya asubuhi, macho mekundu na sare zikiwa zimekunjwa mfukoni. Kundi hilo la asubuhi halipigwi picha na mtu. Naomba kamati zetu ziliandalie angalau chai ya maziwa na mandazi.

Kuhusu kwaya nitasema machache, kwa kuwa waimbaji wana ulimi mkali. Haiwezekani kwaya ya wafanyakazi wa zamu ikafanya mazoezi ikiwa imekamilika. Mwalimu wa kwaya yetu hurekodi kila sauti peke yake, ya kwanza hadi ya nne, akaituma kwa ujumbe wa simu, nao waimbaji hujifunza ndani ya basi la kampuni wakiwa na visikizio masikioni. Siku ya Misa huimba aliyefika. Kuna mwaka sauti ya tatu yote ilikuwa kazini, ikabidi akina baba wawili wa sauti ya nne wapande juu kadiri walivyoweza, na Mungu, ambaye ni mwema, alisikiliza. Ninachokipinga ni sare mpya ya kitenge kila mwaka. Sare hugeuka kuwa mlango wa kuwazuilia nje waliofika majuzi ambao mshahara wao wa kwanza bado unalipa deni la wakala aliyewatafutia kazi. Shati jeupe na suruali nyeusi, ambavyo kila mlinzi na kila mhudumu anavyo, vinatosha kabisa mbele ya hori alimolazwa Mtoto Yesu.

Nimelitaja hori, na hapo nikiri kwamba napenda kulizungumzia. Vikarieti ya Kitume ya Arabia ya Kusini, ambayo ni kama jimbo la Kanisa Katoliki linalojumuisha Falme za Kiarabu, Oman na Yemen, inahudumiwa na Wafransiskani Wakapuchini, nao ni wana wa yule Fransisko wa Asizi aliyetengeneza pango la Noeli kijijini Greccio mwaka 1223 akiwa na ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho jinsi Mtoto alivyolazwa katika umaskini. Kwa hiyo parokia za huku hulichukulia pango kwa uzito. Wahindi wa Goa na Kerala hutundika nyota za karatasi zinazowaka, Wafilipino huleta taa zao za umbo la nyota wanazoziita parol, na sisi tuna pango la nyuzi za migomba lililonunuliwa nyumbani na mama mmoja aliyekuwa likizoni, akalibeba mkononi ndani ya ndege kwa kuhofia litapondeka sandukuni. Yusufu wa pango hilo ana kofia ya mkulima wa kwetu. Kila mwaka watoto wa mataifa mengine hulizunguka, na ninashuku kwamba limetufanyia kazi ya kutambulisha jumuiya yetu kuliko hotuba zote za viongozi wetu.

Kwa Wafilipino kuna jambo jingine la kujifunza, ambalo ni kubwa kuliko taa. Katika siku tisa za mwisho kabla ya Noeli husali Simbang Gabi, Misa ambazo kwao husaliwa alfajiri kabla ya jogoo kuwika, na ambazo huku, kwa ajili ya wafanyakazi, mara nyingi husaliwa pia jioni. Anayekosa moja kwa sababu ya zamu huipata ya kesho. Sisi, kinyume chake, huweka kila kitu katika tukio moja la usiku mmoja, na anayelikosa amekosa mwaka mzima. Tuna urithi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa uchungaji tangu miaka ya 1970. Sioni kwa nini jumuiya hizo zisikutane ndani ya uwanja wa kanisa katika majuma manne ya Majilio, yaani kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, kwa siku tofauti na saa tofauti, kuwasha mshumaa wa shada la Majilio na kusoma somo la Isaya, ili kwamba hata asiyepata tarehe 24 awe amegusa sehemu ya matayarisho. Mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi haina gharama ya kutushinda.

Sasa nifike kwenye ukumbi wa hoteli. Sina chuki na sherehe, na sikatai kwamba Mkenya aliyefanikiwa katika biashara ana haki ya kuvaa vizuri na kula na wenzake. Ninachokataa ni sherehe hiyo kuitwa Krismasi ya Wakenya wa Dubai. Tiketi yake humzidi uwezo mfanyakazi wa mshahara mdogo, saa yake huanza wakati zamu zinapobadilishana, na wageni wake wa heshima ni walewale wa mwaka uliotangulia. Wanaopendekeza tuchangishane fedha ili kuwalipia wasio nazo nao wakumbushwe kwamba sheria ya nchi hii ya mwaka 2021 inakataza watu binafsi kuchangisha fedha bila kibali, hata kama nia ni njema na hata kama ni katika kundi la WhatsApp. Harambee ya kwetu, ambayo nyumbani ni fahari, huku yaweza kumfikisha mtu mahakamani. Anayetaka kusaidia mgonjwa au aliyekwama apitie parokiani, ambako sadaka hupokelewa kwa utaratibu, au awaone maofisa wa ubalozi wetu Abu Dhabi na ubalozi mdogo ulioko Dubai.

Njia iliyo halali, na kwa maoni yangu ni tamu zaidi, ni kila mtu kuja na sufuria yake. Chapati hupikwa usiku kucha na wanaume ambao nyumbani hawakuwahi kushika kifimbo cha kusukumia. Mbuzi hatumchinji uani, kwa kuwa kuchinja majumbani ni marufuku; huchinjwa kwenye machinjio ya manispaa, kama ile ya Al Qusais, akarudi amekatwakatwa na kupimwa afya. Nyama ya kuchoma huchomwa katika bustani za umma zenye sehemu zilizotengwa kwa kazi hiyo, wala si kwenye roshani ya ghorofa ya kumi, ambako moshi utamleta msimamizi wa jengo kabla ya mafuta kuanza kudondoka. Desemba ya Dubai ni ya baridi ya kupendeza, na wenyeji wote wa jiji huenda bustanini, hivyo ni lazima mtu mmoja atangulie mapema kushika nafasi.

Nyumbani kwetu, kwa wengi wetu, ni kitanda cha juu katika chumba cha watu sita au wanane. Kule Magharibi mwa Kenya, majuma ya mwisho kabla ya Krismasi akina mama husiriba nyumba upya kwa udongo na samadi, wakachora maua ukutani kwa chokaa, na watoto hutumwa kukata tawi la saiprasi na kulipamba kwa pamba na puto. Katika chumba cha kukodi huruhusiwi hata kubandika karatasi ukutani, mishumaa ya moto ni mwiko kwa hofu ya kuungua, na kitanda cha jirani yako kiko umbali wa mkono. Hata hivyo chumba hicho huweza kutayarishwa, na matayarisho yake huanza kwa kuomba ruhusa. Mimi hulala na Waganda Waislamu, Wanepali na Mtanzania mmoja wa kanisa la Kilutheri. Novemba inapoisha huwaambia kwamba nitaweka shada dogo lenye mishumaa ya betri juu ya kabati langu, na hakuna aliyewahi kukataa. Jumamosi ya kabla ya sikukuu tunafua mapazia, tunatoa magodoro juani na kusugua jiko la pamoja ambalo hata sitalieleza. Kila mmoja hushiriki kwa sababu usafi hauna dini.

Mezani pia hufaa kuwafikiria waliomo chumbani. Nyama inayouzwa katika maduka ya kawaida ya hapa ni halali, kwa hiyo Waislamu hula nasi bila wasiwasi. Wanepali wengi hawali ng'ombe, basi tunapika kuku au mbuzi. Mlutheri huleta pilau, na yeye na mimi hubishana kama binzari nyembamba iwe nyingi au kidogo. Anayetoka zamu usiku hukuta sahani yake imefunikwa. Huu ndio ukarimu ambao ukumbi wa hoteli hauwezi kuuandaa.

Lakini wapo ambao hawana chumba cha pamoja wala zamu ya kubadilishana, nao ni dada zetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu. Wao ndio wananifanya niandike. Mfanyakazi wa nyumbani anaweza kupamba mti wa Krismasi wa mwajiri wake wa Kizungu, akaoka bata mzinga, akaosha vyombo hadi saa nane za usiku, na asitoke nje ya geti kwenda kusali. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani inampa haki ya siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki. Haki hiyo wengi hawaijui, na wengine wanaijua lakini wanaogopa kuitamka. Tarehe 25 isipokuwa siku yake ya mapumziko, si vigumu kumwomba mwajiri aibadilishe kwa wiki hiyo, mradi aombwe mapema na kwa heshima, na aelezwe ni kanisa gani, ibada inaanza saa ngapi na dada atarudi saa ngapi.

Hapa ndipo akina mama wa jumuiya wanapoweza kufanya kazi ambayo hakuna padre awezaye kuifanya. Waajiri wengi hukataa kwa hofu zaidi kuliko kwa ubaya: wanahofia kwamba msichana atapotea, atatoroka au atarudi usiku. Mama mtu mzima akimpigia simu mwajiri, akajitambulisha, akaahidi kumchukua dada mlangoni na kumrudisha mlangoni, mara nyingi jibu hubadilika. Na ahadi ya saa ya kurudi itimizwe kwa dakika, hata kama chakula bado kiko motoni, kwa kuwa anayechelewa leo anawafungia wengine geti la mwaka ujao. Kwa upande wangu, ningependa jumuiya itakayoweza kuwaleta kanisani dada wachache wa namna hiyo isifiwe na kupigiwa vigelegele kuliko ile itakayoleta mwanamuziki kutoka Nairobi.

Nchini Saudi Arabia, ambako Wakenya wengi wanafanya kazi majumbani, hakuna makanisa, na Krismasi husaliwa kimoyomoyo jikoni. Kwa hao, sisi tulio na makanisa tuna wajibu mdogo tu wa kuwakumbuka kwa njia ya simu: ujumbe wa sauti wenye somo la siku na wimbo mmoja, utumwe kwa anayeutaka na ambaye simu yake haikaguliwi, bila kumtia hatarini. Idhaa ya Kiswahili ya Radio Vatican nayo husikika kwenye mtandao, na yapo masikio yanayoingojea.

Jamaa zetu nyumbani nao wana sehemu yao katika matayarisho haya. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na Wakenya wa ughaibuni mwaka 2024, na hakuna anayelalamika kutuma; tulikuja kwa ajili hiyo. Ila ombi la fedha za Krismasi lifike Novemba, pamoja na hesabu yake, badala ya kufika tarehe 24 jioni likiwa na ukali. Simu ya video ya WhatsApp haipiti huku, kwa hiyo wanaotaka kuonana nasi waweke programu ya Botim kabla ya sikukuu, na wakumbuke kwamba saa yetu iko mbele ya ya Kenya kwa saa moja. Mtupigie mkiwa bado mnasiriba nyumba, mtuonyeshe ukuta, mtoto atuimbie alichojifunza shule ya Jumapili, kuku asikike. Hiyo hutusaidia zaidi kuliko picha ya meza iliyokwisha kuliwa.

Na kwa atakayekosa yote, asikose kuambiwa kwamba majira ya Noeli huendelea hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari. Tunaweza kupanga mkutano wa pili baada ya Mwaka Mpya kwa waliokuwa zamu, wenye nyimbo zilezile na chapati mpya. Kabla ya hapo, ninawaomba wanaosimamia mafunzo ya wafanyakazi wanaotoka Kenya kwenda Ghuba waongeze katika somo lao ukurasa mmoja tu: mahali makanisa yalipo katika kila nchi inayoyaruhusu, sheria ya siku ya mapumziko inasema nini, na namna ya kuiomba siku hiyo kwa mwajiri kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Maparoko wa kwetu nao, wanapompa msafiri baraka, wampe pia barua ya utambulisho kwa parokia anayokwenda, ili jina lake liwe limefika kabla ratiba ya Desemba haijatiwa sahihi.

Mwalimu wa zamani,
Al Quoz, Dubai